Jointi ya granaiti huamuliwa kabla jiwe halijakatwa

Anayeingia Masasi kwa barabara ya Mtwara huiona milima kabla hajauona mji. Ni majabali makubwa yenye vichwa vya mviringo, kila moja limesimama peke yake katikati ya tambarare ya mikorosho na mihogo, bila safu wala vilima vya kulisindikiza. Miguuni pa majabali hayo ndipo Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipowaweka watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na hapo Mtandi ndipo lilipo hadi leo kanisa kuu la Waanglikana. Miaka ya 1890 mwanajiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka kusini mwa nchi yetu akiichunguza milima ya namna hii. Kitabu alichokitoa mwaka 1900 kiliitambulisha kwa wasomi wa dunia, na leo jabali la aina hiyo huitwa kwa jina lake popote lilipo, liwe la Brazili au la Australia.

Kilichoyafanya yabaki wima ni uchache wa nyufa. Mwamba wa Masasi ni wa jamii ya granaiti na naisi, uliopikwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Sehemu zilizokuwa na nyufa nyingi ziliingiwa na maji, zikaoza taratibu, zikawa udongo, mvua ikazichukua. Sehemu nzima hazikuyapa maji pa kuingilia, zikabaki juu. Mwenye nyumba anayenunua granaiti ya jikoni leo, awe Masasi au Newala, ananunua jiwe la ukoo huohuo na sheria yake haibadiliki likiingia ndani ya nyumba: litakatwa, litaungwa, na pale litakapoungwa ndipo maji yatakapojaribu kwanza.

Jiko la ndani lenye kaunta ya jiwe linaonekana zaidi kusini kadiri nyumba za kisasa zinavyoongezeka. Kuni na mafiga yako uani palepale yalipokuwa, lakini ndani kuna sinki, jiko la gesi la mezani na kaunta inayong'aa. Fedha ya kazi hiyo kwa wengi hutoka kwenye korosho. Minada ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU ikifunguliwa Oktoba, simu za mafundi huanza kuita, na mvua nazo ziko njiani, kwa hiyo kila mtu anataka nyumba yake imalizike kwa pamoja. Haraka hiyo ina gharama. Mabamba yameshanunuliwa Dar es Salaam, yameshashushwa, grainda iko mkononi, ndipo mtu anauliza jointi ikae wapi. Swali limechelewa. Majibu mazuri mengi yalishafutika siku bamba liliponunuliwa bila mchoro.

Naandika makala haya kwa sababu naamini jointi ni uamuzi wa mwenye nyumba kama ulivyo wa fundi, na kwamba uamuzi huo una siku yake. Siku hiyo ni kabla ya kulipia jiwe.

Tuanze na jiwe lenyewe. Granaiti nyingi inayouzwa nchini hutoka nje, hasa India na China, ikiwa imeshapasuliwa kuwa mabamba na kung'arishwa upande mmoja. Bamba la kawaida lina urefu wa kati ya mita 2.4 na 3 hivi, na upana unaoanzia mita 1.2 hadi kukaribia mita 2. Unene ni milimita 18 au 20, na mengine milimita 30. Jiwe hili ni zito: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 20 ina takriban kilo 54. Bamba zima la mita 2.9 kwa 1.7 linafika kilo 266. Kwa hiyo urefu wa bamba, uzito wake na upana wa milango vyote vina kura katika suala la jointi, na vinapiga kura kabla ya macho ya mtu.

Chukua jiko la kawaida la nyumba mpya ya Newala, lenye umbo la L. Ukuta mrefu, wenye dirisha na sinki, una mita 3.6. Ukuta mfupi, ambako jiko la gesi litakaa, una mita 2.4. Kina cha kaunta ni sentimita 60. Bamba lililopatikana dukani ni hilo la mita 2.9 kwa 1.7.

Fundi asiyechora ataunga konani. Kipande cha ukuta mfupi kitachukua kona nzima, na ukuta mrefu utabakiwa na mita 3.0. Bamba lina 2.9. Zimepungua sentimita 10, nazo zitajazwa kwa kiraka, na kiraka hicho mara nyingi hupelekwa mwisho wa kaunta, karibu na mlango, mahali panapogongwa na kila mwenye ndoo. Sasa kaunta ina jointi mbili, na moja inashikilia kipande chembamba kisichoweza kujitetea.

Wapo wanaopenda kuikata kona mshazari, nyuzi 45, kama fremu ya picha. Katika jiko hili haiwezekani kabisa, maana mshazari unadai kila kipande kifike urefu wote wa ukuta wake, na bamba la mita 3.6 halipo. Hata pale bamba linapotosha, siipendekezi. Kaunta ya sentimita 60 ikikatwa mshazari inazaa jointi ya sentimita 85, asilimia 40 hivi zaidi ya ile ya kukata wima, na kwenye kona ya ukuta vipande viwili vinakutana kwa ncha kali. Ncha hizo hukatika kwanza, wakati mwingine kabla hazijafika ukutani.

Njia ninayoiona bora ni kukipa kipande cha kona mguu mfupi. Kipande hicho kinakuwa na urefu wa mita 2.4 kwenye ukuta mfupi, kisha kwenye kona kinapinda na kuingia sentimita 30 kwenye ukuta mrefu. Jointi inahama kutoka konani na kukaa sentimita 90 kutoka kwenye kona ya ukuta. Ukuta mrefu unabakiwa na mita 2.7, na bamba linatosha. Ukivipanga vipande viwili juu ya bamba moja, kimoja kinachukua upana wa sentimita 90 na kingine sentimita 60, jumla mita 1.5, nalo bamba lina 1.7. Vyote viwili vimetoka kwenye jiwe moja, rangi moja. Kwa bahati nzuri vina eneo lilelile, mita za mraba 1.62 kila kimoja, yaani kilo 87 kabla ya kutoboa tundu la sinki. Watu wanne wanakibeba. Mabaki ya pembeni, ule ukanda wa sentimita 20 na kile kipande cha mita 1.8 kwa sentimita 30 kilichotoka kwenye pinda, yanatosha kukatwa vipande vya sentimita 10 vya kupandisha ukutani nyuma ya kaunta.

Pinda hilo lina sharti moja ambalo halina mjadala. Kona ya ndani isiwe kali. Fundi atoboe kwanza tundu la duara, lenye nusu kipenyo cha sentimita moja hivi, kisha akate kuja kwenye tundu na kusimama hapo. Diski ya grainda ni ya duara. Ukitaka kona kali upande wa juu, upande wa chini itabidi iingie zaidi ya alama. Mkwaruzo huo mdogo wa chini, ambao hakuna anayeuona, ndio ufa wa kesho. Ukikuta kaunta iliyopasuka kuanzia kona ya sinki, inama uangalie chini yake, na mara nyingi utakuta alama ya diski iliyopitiliza.

Katika mchoro wetu tundu la sinki lina upana wa sentimita 80 na linaanza mita 1.4 kutoka konani, kwa hiyo kati yake na jointi kuna nusu mita ya jiwe zima. Hiyo si bahati. Mafundi wengine, na si wabaya, huweka jointi katikati ya sinki kwa makusudi. Hoja yao inaeleweka: sehemu kubwa ya jiwe pale inatobolewa, jointi inayobaki kuonekana ni vipande viwili vifupi, kimoja mbele na kingine nyuma, na kila kipande kinakuwa chepesi kubeba. Kwenye jiko la mtu anayefungua bomba, anaosha vyombo viwili na kufuta kwa kitambaa, pengine inadumu.

Jiko la Newala haliishi hivyo. Nyanda za juu za Makonde ni mchanga mwekundu uliolala juu ya miamba laini ya mchanga. Mvua ikinyesha maji hupenya na kupotelea chini, na huko juu hakuna mto wa kuchota. Kwa miongo mingi maji yamesukumwa kwa mashine kutoka bondeni kwa mradi wa maji wa Makonde, kutoka Mitema kule Kitangari, na nyumba nyingi hujiwekea akiba ya mvua kwenye visima vya kuvunia chini ya mapaa. Siku bomba halitoki, na siku hizo zipo, ndoo ya lita 20 huja jikoni na kupandishwa pale pale ubavuni mwa sinki. Kilo 20 zimetua kwa kishindo, maji yamemwagika kidogo, beseni la vyombo limewekwa pembeni, na pale pamelowa hadi jioni. Ukiweka jointi mahali hapo umeipa adhabu mbili kwa wakati mmoja, uzito na unyevu. Maji yatafuata gundi hadi chini, yatafika kwenye kabati, na kama kabati ni la mbao za kubandikwa litavimba kama mkate.

Mbele ya sinki jiwe linabaki na upana wa sentimita saba tu hivi, na nyuma hivyohivyo. Sehemu hizo mbili ndizo dhaifu kuliko zote kwenye kaunta nzima, na hapo mafundi wazuri huchonga mfereji mwembamba upande wa chini na kuzika fimbo ndani ya gundi. Fimbo hiyo iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya nyuzi za kioo. Kipande cha nondo ya kawaida kikipata unyevu kinashika kutu, kutu inavimba, na jiwe linapasuliwa na kile kilichowekwa kulilinda.

Kitu kingine cha kuangalia ni kilicho chini ya jointi. Kwetu kaunta nyingi hazikai juu ya makabati matupu. Hujengwa nguzo fupi za tofali, juu yake ikamwagwa slabu ndogo ya zege yenye nondo, kisha granaiti ikalazwa juu. Ni utaratibu mzuri, unaolibeba jiwe lote. Lakini zege nalo hutembea. Linapokauka linasinyaa, na fundi anayelaza granaiti siku chache baada ya kumwaga zege anaifunga kazi yake juu ya kitu ambacho bado hakijatulia. Siku 28 ndizo ambazo wajenzi huzipa zege lifikie nguvu yake iliyokusudiwa, na jiwe la gharama hiyo linastahili kungojewa. Kama slabu ilimwagwa kwa mafungu mawili, jointi ya granaiti ipangwe juu ya maungio ya zege, isiyarukie. Jiwe lililorukia maungio ya zege litapasuka lenyewe kwenye mstari huohuo, na safari hii mstari hautakuwa umenyooka. Na kama chini ni makabati ya mbao, jointi ikae juu ya ubao wa kusimama au karibu nao, isiachwe ikining'inia katikati ya uwazi.

Hapa Masasi na Newala zinaachana. Masasi mjini wapo waliojenga karibu na mwamba, ambako msingi haushuki mbali kabla ya kugonga kitu kigumu. Newala juu ni mchanga mzito, na nyumba mpya kwenye mchanga huchukua misimu kadhaa kukaa sawasawa. Nyufa ndogo za plasta kwenye kona za madirisha ndizo zinazotoa taarifa. Ningekuwa na nyumba ya mwaka wa kwanza juu ya mchanga, ningeacha granaiti isubiri masika moja ipite.

Kuhusu rangi na michoro, jambo ni jepesi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mawe yenye chembechembe zilizosambaa sawasawa, ya kijivu, kahawia au nyekundu, husamehe jointi ya upande wowote. Mawe yenye mistari na mawimbi hayasamehe. Kwenye kona ya L mistari iliyokuwa ikikimbia kwa urefu inageuka ghafla na kusimama mlalo, na hakuna gundi ya kulificha hilo. Anayejua kushona mkeka hupanga shupatu zake chini kwanza, akazisogeza mpaka rangi zikutane, ndipo akashika sindano. Vipande vya granaiti vipangwe vivyo hivyo juu ya bamba, kwa chaki, kabla ya diski kugusa jiwe. Kama jiko linahitaji mabamba mawili, yadai yawe yamefuatana kwenye gogo moja la jiwe. Mabamba yenye jina moja dukani yanaweza kuwa yametoka machimbo mamoja kwa miaka tofauti na yasifanane hata kidogo. Kwa umbo la L, na kwa mtu anayeniuliza, mimi husema chembechembe.

Nyeusi tupu ina mtego wake. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa jina la granaiti nyeusi ni mawe mengine ya moto yaliyoganda chini ardhini, magumu sawasawa na ya kudumu, lakini yanang'aa kama kioo. Michoro haisumbui, ila kipande kimoja kikipanda juu ya kingine hata kwa nusu milimita, mwanga wa dirisha unakunja hapo na jicho linakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana upande wa dirisha uingie kwenye mchoro. Mwanga unaoikata jointi kwa ubavu hutupa kivuli cha kila kosa. Mwanga unaokwenda sambamba nayo hausemi mengi. Katika jiko letu dirisha liko ukuta mrefu, na jointi inatoka ukutani kuja kwa mpishi, sambamba na mwanga unavyoingia. Imekaa vizuri.

Sasa barabara. Kutoka Dar es Salaam bamba huvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la mzaliwa wa Lupaso, hapahapa Masasi. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni na tope, na sidhani wengi waliwaza kuleta mawe ya kioo huku. Leo lami inafika Masasi. Kwenda Newala ni habari nyingine: barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, yenye kilomita 210, imekuwa ikiwekewa lami kwa awamu, ikianza na kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata, na pale palipobaki vumbi hutikisa mzigo kuliko safari yote ya kutoka Dar.

Bamba lisafirishwe limesimama, limeegemea fremu ya mbao au chuma yenye umbo la A, na kufungwa. Likilazwa chali kwenye bodi ya lori, kila shimo la barabara linalipinda katikati, na jiwe halipindi. Kipande kilichokwisha kutobolewa tundu la sinki kiko hatarini zaidi, kwa sababu zile sentimita saba za mbele ndizo zinabeba yote. Wengine hukata kila kitu Dar na kuacha tundu la sinki litobolewe nyumbani. Kama fundi wa huku anaiweza kazi hiyo, ni mpango wa busara. Asipoiweza, mabanzi mawili ya mbao yafungwe kwa kubanwa mbele na nyuma ya tundu, yakae hapo mpaka kipande kilazwe mahali pake.

Anayetuma vipimo Dar kwa simu akumbuke kwamba kuta zake haziko skwea. Hakuna aibu katika hilo, tofali za kuchoma na plasta nene havitoi kona kamili. Pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja kutoka konani na 80 kwenye mwingine, kisha pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa 100 kamili, kona ni skwea. Ikiwa 98 au 102, tarakimu peke yake hazitoshi. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi nyembamba au maboksi yaliyogundishwa, kilalie pale kaunta itakapokaa, kifuate ukuta ulivyo, kisha andika juu yake: huku ukuta, huku mbele, hapa katikati ya sinki, hapa jointi. Kiolezo hicho kigawanywe kipande kwa kipande na kisafiri kwenye basi. Kinasema mambo ambayo ujumbe wa simu hausemi.

Na kabla ya kuamua kwamba kipande kiwe cha mita 2.7, fuata njia yake kwa miguu. Mlango wa mbele wa sentimita 90 hautoshi kama baada yake kuna korido nyembamba inayokata kona kuelekea jikoni. Nyumba zetu nyingi zina mlango wa uani unaoingia jikoni moja kwa moja, na huo ndio mlango wa granaiti. Dirisha lenye nondo za kuchomelea si njia. Kama hakuna njia, jointi moja zaidi itazaliwa, na ni afadhali izaliwe kwenye karatasi kuliko koridoni, watu wanne wakiwa wameshika kilo 87.

Siku ya kulaza, vipande viwekwe kwanza bila gundi. Kingo zinazokutana zisagwe mpaka zilingane kutoka mbele hadi nyuma. Uwazi wa milimita moja na nusu hadi mbili ndio wa kazi nzuri. Jointi inayopitisha sarafu ni shimo. Pima maji ipite juu ya vipande vyote viwili, kabari nyembamba ziwekwe chini kwa kile kilicho chini, kisha utepe wa karatasi ubandikwe kando ya mstari ili gundi isichafue. Wenye vifaa huvivuta vipande kwa vikombe vya kunyonyea. Asiye navyo hutumia kabari na kibano na subira.

Gundi ziko za aina mbili. Ile ya poliesta hukauka kwa dakika chache na bei yake ni ndogo. Ya epoksi huchukua saa nyingi, lakini inashika zaidi na inastahimili maji. Karibu na sinki nisingeweka nyingine ila epoksi. Joto la Masasi la Novemba hukausha gundi haraka kuliko maelekezo ya kopo, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo, asubuhi. Rangi yake hupatikana kwa kuchanganya unga wa jiwe lenyewe uliotokana na kukata, pamoja na rangi kidogo. Saruji nyeupe, ambayo baadhi hupaka kwa sababu ipo karibu, hunywa mafuta na manjano mpaka mstari unakuwa mweusi, kisha inamomonyoka. Na mpishi aambiwe mapema kwamba sufuria iliyotoka motoni isitulie juu ya jointi. Jiwe litavumilia, gundi italainika.

Jambo moja linanigusa kuliko uzuri wa mstari. Granaiti kwa kawaida ina kwazi kati ya asilimia 20 na 40, na kukata kikavu kunaifanya vumbi la silika, jembamba kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa. Kijana anayekata kaunta tatu kwa wiki akiwa amefunga kitambaa usoni analivuta lote, na watoto wanaomtazama uani nao wanalivuta. Dawa ya vumbi ni maji kwenye diski, na najua kwamba Newala kumwaga maji kwa ajili ya kukatia jiwe kunauma. Yamwagwe. Ndoo chache za maji zinatosha kaunta nzima. Fundi atumie mashine iliyotengenezwa kwa kukatia na maji, umeme wake upitie swichi inayojikata unapovuja, kwa sababu grainda ya kawaida iliyolowa inaua kwa njia nyingine, tena papo hapo. Avae barakoa halisi ya vumbi. Na mwenye nyumba ailipie barakoa hiyo, iwe kwenye bajeti pamoja na epoksi.

Mchoro wenye jointi usainiwe na wote wawili kabla ya malipo ya kwanza, na fungu la mwisho lisilipwe mpaka ukucha upitishwe juu ya mstari, kwenda na kurudi, bila kukwama.

Jointi ikija kufunguka baada ya mwaka mmoja au miwili, usikimbilie kuijaza. Weka alama mbili za kalamu ya wino, moja kila upande, upime nafasi kati yake, na urudie kupima kiangazi na masika. Kama nafasi haibadiliki, gundi ya zamani ilikuwa mbovu: ikwanguliwe yote kwa wembe mpaka chini, kingo zioshwe kwa spiriti na kukaushwa, ijazwe epoksi mpya. Kama nafasi inatanuka na kurudi, nyumba inatembea juu ya mchanga wake, na epoksi itavunjika tena au italivunja jiwe. Hapo jaza silikoni ya rangi ya jiwe, inayonyumbulika, na ujue kwamba itabidi ibadilishwe ikichakaa.